Nani Atakukosoa Ukichora kwa Simu?

Mhariri, salaam.

Swali lenu la wiki hii, "Je, teknolojia inaiua sanaa ya mtaani?", limenikuta nimekaa nje ya kibanda changu hapa Ng'ambo, vidole vina rangi, simu iko kwenye chaji. Mie ni mchoraji. Brashi nimeishika tangu skuli na kompyuta naitumia kila siku, kwa hiyo msiniweke upande wowote kwa haraka.

Wanaosema teknolojia imekuja juzi kutuharibia sanaa, waitazame kanga. Zilianza leso za Kireno, sita zikiunganishwa kwa sindano zikatoa nguo moja. Halafu wafanyabiashara wa karne ya 19 wakaona bora kitambaa kije kimeshachapwa kizima. Maandishi yakafuata, mwanzo kwa herufi za Kiarabu, baadaye za Kirumi. Kanga zimechapwa India miaka mingi na hakuna aliyezisusa, maana jina, yaani yale maneno yake, linatungwa huku. Mama akienda Darajani husoma jina kwanza, rangi baadaye, na jirani yake akiiona nguo ile kwenye kamba anajua kama kasemwa yeye.

Hata Tingatinga, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia rangi za mafuta na vipande vya ubao. Alishika alichokipata.

Kwangu mie kilichobadilika ni kitu kidogo tu. Zamani mwenye gari la abiria, yale ya mbao yaliyo wazi pembeni, alikuwa akilileta na kuliegesha chini ya muembe. Nafuta vumbi, napaka rangi ya chini, napiga mistari kwa uzi wenye chaki. Kazi ya siku mbili, na siku zote mbili kuna watu. Konda ananambia namba ya njia, 502, iwe kubwa zaidi, abiria wa Bububu wanatakiwa waisome gari ingali mbali. "Tano yako imenenepa, kama sita." Nafuta, naandika tena. Siku moja mzee mpita njia alisimama na mkate wake mkononi, akasoma nilichoandika nyuma ya gari, akasema neno "husda" linafukuza riziki, nichague jengine. Mwenye gari akakubali palepale. Mie sikuulizwa.

Siku hizi mteja ananitumia maneno kwa WhatsApp, napanga, naipeleka kwenye mashine ya kukata stika, pesa zinaingia kwa simu. Saa moja imekwisha. Hakuna aliyeiona mpaka imeshabandikwa.

Mwaka jana nilitengeneza bango la maulidi la chuo kimoja cha Kurani. Kichwa cha maneno kwa Kiarabu, nimekipanga vizuri kwenye kioo changu, nikalituma kiwandani bila kwenda kulitazama. Programu yao haikujua kuandika kutoka kulia. Herufi ziliachana, kila moja imesimama peke yake kama watu waliogombana, na mstari mzima umeanzia mwisho. Waliogundua ni watoto wa chuo, tena wale wa alifu na be, asubuhi bango likiwa limeshatundikwa. Nilipofika lilikuwa limeteremshwa. Hadi leo linafunikia mchanga wa jirani, na nikipita hapo huangalia upande wa pili.

Kwa brashi kosa lile lisingefika hata herufi ya tatu. Angetokea mtu.

Akili mnemba nayo nimeijaribu, nikaiambia inichoree kanga. Ikaleta pindo la pande tatu, jina limekaa katikati ya mji, ule uwanja wa ndani ya pindo, badala ya chini karibu na pindo, na jina lenyewe si Kiswahili wala lugha yoyote. Vijana wa barazani walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Lakini rangi zake, nakiri, zilikuwa nzuri: zambarau na manjano ya embe. Nikaziiba.

(Kofia za viua za mashine naomba msiniulize. Ivae moja saa saba za mchana, kisha uvae iliyoshonwa kwa mkono yenye vitobo vyake, kichwa kitakujibu.)

Kwa hiyo jibu langu ni hapana, haiiui. Ila imeniondolea watu waliokuwa wakinisimamia mgongoni, na mie nawataka warudi. Sasa kila kazi naichapa kwanza kwenye karatasi, naibandika ukutani kwa gundi pale wanapocheza bao, naiacha usiku mmoja. Asubuhi nakuta imeandikwa kalamu za kila namna. Mara nyingine matusi pia.

Kesho kuna gari la Bububu linataka namba mpya. Mwenyewe anataka stika. Nimemwambia sawa, lakini aje na konda wake.

Msomaji, Ng'ambo, Unguja