Mkuu, usimfunge mtu kihisi kwa kulenga kwa macho

Mkuu, simama hapo hapo. Umesema Jumatatu unaanza kupima pembe ya goti kwa watu 20 huko Lindi wakiwa wanatembea, na vihisi vya pajani na kwenye muundi, yaani vile vifaa vidogo vya kupima mwendo vinavyofungwa kwa mkanda, "utavilenga kwa macho" vikae sawa na mguu. Umeuliza pia vihisi gani ununue na betri inadumu saa ngapi. Hayo yasubiri.

Mimi nililenga kwa macho. Ilikuwa msimu wa korosho, kwenye ghala moja hapa Mtwara, makuli 14. Nilitaka kuona goti linavyokunjwa mtu akitembea mikono mitupu na akiwa na gunia begani. Wiki mbili, na kila aliyeacha foleni ya kupakia nilimlipa siku yake mfukoni mwangu.

Grafu ya kukunja goti ilitoka safi, kilele karibu nyuzi 60 mguu ukiwa hewani, kama inavyotakiwa. Nikafurahi. Nilipofungua grafu ya goti kulala upande, nikakuta nyuzi 20 kila hatua! Goti lenye afya mtu anapotembea hulala upande nyuzi chache tu. La nyuzi 20 halibebi gunia la korosho.

Kihisi hakiujui mguu wako, kinajua mihimili yake chenyewe, yaani mistari ambayo kinapimia mzunguko kuizunguka. Vihisi vikikaa vimepinda nyuzi 20 kuuzunguka mguu, mkunjo wa nyuzi 60 unagawanyika: kama 56 zinabaki kwenye kukunja, kama 20 zinavuja upande. Hizo 56 ndizo zilizoniponza, kwa sababu hazishtui mtu. Data yenye kosa hili inakuja imevaa vizuri.

Usiniambie ningeirekebisha baadaye. Najua mhimili wa goti unaweza kukokotolewa kutoka kwenye data ya kutembea yenyewe. Lakini kwa joto letu na jasho la wale watu, mikanda iliteleza katikati ya safari, kwa hiyo mhimili wenyewe ulikuwa unahama. Data za wote 14 nikazitupa.

Na yule mkufunzi aliyekuja na vifaa, aliyetuambia "bandika tu, programu inamalizia yenyewe", bado namkasirikia. Nilifuata alichosema neno kwa neno. Programu haimalizii kitu ambacho hujaiambia.

Sasa shika hili. Ukishafunga, mtu asimame wima ametulia sekunde 10, kihisi kipate wima kutoka kwenye mvutano wa dunia. Kisha akae kwenye kiti, paja limetulia, anyooshe na kukunja goti mara 10. Mhimili ambao jairoskopu ya muundi (kipima mzunguko kilicho ndani ya kihisi) inauzunguka ndio mhimili wa goti. Kwa paja, asimame ashikilie ukuta, apeleke mguu mzima mbele na nyuma, goti limenyooka. Rudia yote baada ya matembezi. Mihimili ikitofautiana, mkanda umeteleza, mpime upya hapo hapo kabla hajaondoka. Muundi ufunge sehemu bapa ya mfupa, si kwenye nyama, na kwanza futa jasho, pamoja na mafuta ya nazi aliyojipaka.

Ukipimia ndani ya jengo la mabati na sakafu ya nondo, zima dira ya sumaku ya kihisi. Chuma kinaivuruga.

Jumapili mjaribu mtu mmoja tu. Grafu ya upande ikipita nyuzi 10, wapigie watu wako 20 wasije Jumatatu.