Njia moja ya miguu na baiskeli: kengele ikilia, nani ampishe nani?

SWALI: Habari ya kazi ndugu mhariri. Mimi ni mama, naishi upande wa Nakiwogo hapa Entebbe, nauza mukene, wale dagaa wa ziwani. Tuna njia moja inatoka mwaloni mpaka barabara kubwa, inapita kando ya ziwa, watoto wanaipita wakienda shule, sisi tunaipita na beseni kichwani, wenye baiskeli wanapita na jerikeni za maji na mikungu ya matoke, na saa hii hata bodaboda wameanza kukata hapo kukwepa foleni. Juzi baiskeli imemwangusha bibi jirani yangu, mkono umevimba, na yule kijana anasema ati yeye alipiga kengele, bibi ndo hakutoka. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ameitisha mkutano na watu wamegawanyika, wengine wanataka baiskeli zipigwe marufuku kabisa. Kengele ikilia ni lazima mtu atoke? Na hiyo njia tuifanyeje?

JIBU: Mama, pole sana kwa jirani, na kabla ya mkutano huo mkono ukapigwe picha hospitali, mtu wa umri huo akianguka mfupa unaweza kupasuka na kwa nje usione kitu zaidi ya uvimbe.

Sasa kengele. Hapana, si lazima atoke. Kengele ni hodi, na anayepiga hodi anangoja aitikiwe, haingii tu. Bibi anaweza kuwa hasikii vizuri, au amesikia lakini hajajua sauti imetoka wapi, na mtoto ndo kabisa, mtoto akisikia kengele nyuma anaruka upande wowote, mara nyingi ule ule unaopita wewe. Kwa hiyo mwenye baiskeli akipiga kengele apunguze mwendo papo hapo, na kama mtu mbele hajageuka basi ashushe mguu. Uingereza walirekebisha kanuni zao za barabara 2022 wakaliweka wazi hili, anayeweza kuumiza zaidi ndo mwenye jukumu kubwa zaidi, na kwenye njia ya pamoja baiskeli inampisha mwenye miguu. Mimi naliunga mkono kwa moyo wote, hata kwenye njia yenu ya vumbi.

Na angalia hizo baiskeli zenyewe. Nyingi ni zile nzito za chuma, breki zake ni za vyuma vinavyovuta raba ikabane rimu, na rimu ya chuma ikilowa maji breki inateleza, unabana na baiskeli inaendelea kwenda. Ongeza jerikeni sita za lita 20, hapo ni kilo 120 za maji peke yake. Ukiwa kwenye mteremko na mwendo wa kilomita 20 kwa saa unapita zaidi ya mita 5 kila sekunde, mtu anayetembea kawaida hapiti hata mita 2. Kijana anaweza kuwa alipiga kengele kweli na alibana breki kweli, bado akamfikia bibi. Ndo maana wenye mzigo wakifika mteremko washuke wasukume, na hili msiwaombe kama hisani, liwekeni kwenye makubaliano ya kijiji.

Kupiga baiskeli marufuku sikubaliani nako hata kidogo. Hizo ndo zinaleta maji na chakula mwaloni, ukizifukuza zitaenda kupambana na matrela na taxi barabarani na mtaanza kuzika watu. Tatizo lenu kubwa nadhani ni upana. Mwongozo wa England wa 2020 unataka njia ya pamoja iwe mita 3 hata pale baiskeli si nyingi, na kwa mitaa ya mjini unasema kuchanganya watu na baiskeli liwe chaguo la mwisho. Pimeni yenu. Baiskeli yenye mikungu pande zote mbili inameza zaidi ya mita moja, mama mwenye beseni akikutana nayo mahali pembamba mmoja lazima aingie majanini. Kama hamwezi kupanua yote, panueni sehemu chache za kupishana, hasa kwenye kona, na fyekeni nyasi watu waonane kwa mbali.

Ila msikimbilie kumwaga changarawe. Ziwa Victoria lina eneo la hifadhi la mita 200 kutoka ukingoni kwa kanuni za mazingira za 2000, kwa hiyo NEMA, mamlaka ya mazingira ya Uganda, iulizwe kwanza, na msiisogeze njia karibu na maji, mnakumbuka 2020 ziwa lilivyopanda likameza mialo na nyumba za watu. Mkienda manispaa kuomba msaada itajeni sera ya serikali ya usafiri usio wa injini, ipo tangu 2012, inawataja wenye miguu na wenye baiskeli kabisa, msiende mikono mitupu.

Bodaboda watoke, hapo sina maneno mengi. Vigingi vitazuia gari tu, pikipiki inapita popote inapopita baiskeli ya mzigo, kwa hiyo mwiteni mwenyekiti wa stegi yao, kituo cha bodaboda, kwenye mkutano huo huo, vijana wake wanamsikia yeye kuliko kibao. Na giza kwetu linaingia karibu saa moja jioni mwaka mzima, baiskeli isiyo na tochi isipite baada ya hapo.

SWALI: Mimi niko Walukuba, Jinja. Barabara yetu haina njia ya miguu wala ya baiskeli, nitembee upande gani na watoto?

JIBU: Kulia, ndugu yangu. Magari yetu yanapita kushoto, ukitembea kulia yanakuja mbele ya macho yako na unaweza kuruka mapema. Mtoto mshike kwa mkono wako ulio mbali na magari. Kwenye kona kali ambayo dereva hawezi kukuona vuka mapema uende upande wa pili, ukishaipita rudi.