Maswali ya Wasomaji: Kitabu cha Katuni Kilivyopata Nafasi Maktabani

Tangu tuchapishe orodha ya vitabu vya katuni vinavyofaa kuwekwa kwenye maktaba za shule, barua zimemiminika. Tumechagua tano ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Wahariri, shikamooni. Nilipoomba vitabu vya katuni kwa ajili ya maktaba yetu ya sekondari, mzazi mmoja alisimama kikaoni akasema katuni zinaharibu watoto, na kwamba hata Marekani zilipigwa marufuku. Ni kweli? — Mwalimu, Tanga

Marahaba, Mwalimu. Mzazi huyo ameshika nusu ya habari. Bunge la Marekani halikuwahi kupitisha sheria ya kuzipiga marufuku. Kilichotokea kilikuwa kizito kuliko sheria, kwa sababu hapakuwa na mahakama ya kukata rufaa.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 katuni ziliuzwa senti 10 kwenye vibanda vya magazeti, na watoto walizinunua kwa mamilioni. Pamoja na za mashujaa wenye nguvu za ajabu, zilikuwapo za ujambazi na za kutisha, nyingine zikiwa na damu kupita kiasi. Mwaka 1948 wanafunzi wa Binghamton, jimbo la New York, walizikusanya na kuzichoma moto hadharani. Mwaka 1954 daktari wa magonjwa ya akili, Fredric Wertham, akatoa kitabu akidai kwamba katuni zinawaingiza watoto kwenye uhalifu.

Wertham hakuwa mtu wa kubezwa. Mwaka 1946 alifungua kliniki Harlem, mtaa wa New York, iliyowatibu Wamarekani weusi maskini kwa senti 25, na ndiyo maana alisikilizwa. Ila ushahidi wake ulikuwa na kasoro kubwa. Nyaraka zake zilifunguliwa kwa watafiti mwaka 2010, na Carol Tilley wa Chuo Kikuu cha Illinois akazilinganisha na kitabu. Mwaka 2012 alionyesha kwamba Wertham alibadilisha maneno ya watoto, aliunganisha watoto kadhaa wakawa kama mmoja, na aliacha nje matatizo mengine yaliyokuwa yakiwasumbua. Tena alioongea nao walikuwa watoto waliokwisha kufikishwa kwa daktari. Hakuwalinganisha na watoto wengine waliosoma katuni zilezile na kulala salama. Hilo ndilo la kumweleza mzazi, kwa adabu, kwenye kikao kijacho.

Tarehe 21 Aprili 1954 kamati ndogo ya Seneti iliketi jijini New York. Seneta Estes Kefauver alimwonyesha mchapishaji William Gaines jalada moja: mwanamume ameshika shoka lenye damu mkono mmoja, na mkono wa pili kichwa cha mwanamke kilichokatwa. Je, picha hii ina staha? Gaines alijibu kwamba kwa jalada la katuni ya kutisha ina staha, na kwamba ingeikosa kama kichwa kingeinuliwa juu zaidi hadi damu ionekane ikichuruzika shingoni. Pengine hakuna jibu lililowaumiza wachapishaji wenzake kuliko hilo.

Homa hiyo haikuishia huko. Ufaransa na Kanada zilikuwa na sheria zao tangu 1949, na Uingereza, ambayo wakati huo ilitawala Kenya na Tanganyika, ilipitisha yake mwaka 1955.

Nimesoma kwamba katuni za Marekani zilikuwa na muhuri wa idhini, lakini haukuwa wa serikali. Ulipataje nguvu? — Mwanafunzi wa sheria, Nairobi

Nguvu yake ilitoka kwa wasambazaji. Baada ya vikao vya Seneti, wachapishaji wenyewe waliunda chama mwaka huohuo wa 1954, wakaandika kanuni na kuajiri wakaguzi. Kila ukurasa ulipelekwa kukaguliwa kabla ya kwenda mtamboni, na uliopita ulipewa muhuri mdogo kama stempu, uliochapwa pembeni ya jalada. Kanuni zilikataza maneno ya kutisha kwenye majina ya magazeti hayo. Zilikataza mazimwi wanyonya damu na wafu wanaotembea. Zilikataza kuwachora polisi na majaji kwa namna ya kuwavunjia heshima. Na zilitaka wema uushinde uovu kila mara, bila kubakiza.

Msambazaji ndiye aliyebeba mafungu ya katuni pamoja na magazeti na kuyashusha kibandani. Fungu lisilo na muhuri alilirudisha bila hata kulifungua. Na kwa mfumo wa biashara wa wakati huo, nakala zisizouzwa zilirejeshewa fedha: mwenye kibanda alichana jalada au kipande chake cha juu, akakirudisha kama uthibitisho, hasara ikabaki kwa mchapishaji. Kwa hiyo mchapishaji aliyekataa muhuri alilipia karatasi, wino na mtambo kwa bidhaa ambayo haikumfikia mnunuzi hata mmoja. Kampuni nyingi zilifunga.

Gaines alikumbana na mkaguzi kwa hadithi moja ambayo mpaka leo inastahili kusomwa darasani. Mwanaanga anafika kwenye sayari ya roboti, anakuta za rangi ya machungwa zimezibagua za buluu ingawa ndani zimetengenezwa sawasawa, na anaamua kwamba sayari hiyo haijawa tayari kujiunga na dunia nyingine. Kwenye fremu ya mwisho anavua kofia ya chuma: ni mtu mweusi, na matone ya jasho yanametameta usoni kama nyota. Mkaguzi alitaka asiwe mweusi. Gaines alitishia kuita waandishi wa habari, na hadithi ikachapwa mwanzoni mwa 1956 kama ilivyokuwa. Ilikuwa katuni yake ya mwisho, maana baada ya hapo alibaki na gazeti la vichekesho la *Mad* tu, ambalo kwa kuwa lilitoka kama jarida, si kama kitabu cha katuni, halikuhitaji muhuri.

Ufa wa kwanza mkubwa ulitokea 1971. Idara ya afya ya Marekani iliiomba kampuni ya Marvel iandike kuhusu hatari za dawa za kulevya, nayo ikafanya hivyo kwenye matoleo matatu ya Spider-Man. Wakaguzi walikataa kwa sababu dawa zimetajwa, Marvel ikachapa bila muhuri, na dunia haikuanguka. Kanuni zililegezwa mwaka huohuo. Marvel ilijitoa kabisa 2001, na kampuni mbili za mwisho zikauacha muhuri mwaka 2011.

Nilidhani sinema za mashujaa ndizo zilizoleta heshima. Mnakubali? — Msomaji, Kampala

Hatukubali. Sinema zilileta fedha na majina makubwa, lakini heshima ya kitabu ilikuwa imeshafika kabla yake, na ilipitia dukani.

Mnamo 1973 Phil Seuling, mwalimu wa Brooklyn, aliwashawishi wachapishaji wayauzie maduka maalumu ya katuni moja kwa moja. Duka lilipata punguzo kubwa zaidi, kwa sharti kwamba nakala hazirudishwi. Sharti hilo dogo lilibadilisha hesabu yote. Mchapishaji alijua idadi ya oda kabla ya kuwasha mtambo, na msambazaji wa magazeti hakuwa tena mlangoni na muhuri wake. Katuni ya watu wazima yenye wasomaji wachache ikaweza kujilipia.

Kisha katuni ikapata mgongo. Gazeti la kurasa 32 lenye pini mbili katikati haliwezi kusimama rafuni. Linakaa mwezi mmoja kisha linatupwa. Kitabu kilichogundishwa mgongo na kuandikwa jina ubavuni kinasimama, kinaagizwa na duka la vitabu, kinasajiliwa maktabani, na mhakiki anakikuta mahali anapotafuta vitabu. Mchoraji Will Eisner alitoa cha namna hiyo mwaka 1978. Art Spiegelman akakusanya *Maus*, simulizi ya baba yake aliyenusurika Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, Wayahudi wakichorwa kama panya na Wajerumani kama paka, kwa juzuu mbili za 1986 na 1991. Gazeti la New York Times lilipoiweka kwenye orodha ya hadithi za kubuni, Spiegelman alipinga kwa barua, na wakaihamishia kwenye vitabu vya mambo ya kweli. Mwaka 1992 ikapewa tuzo maalumu ya Pulitzer. Spider-Man wa sinema tunayemjua alikuja miaka kumi baadaye.

Tuzo nyingine zilifuata kupitia wakutubi hasa. Mwaka 2007 Gene Luen Yang alipata tuzo yao ya vitabu vya vijana, na mwaka 2020 Jerry Craft alipata Newbery, tuzo yao kuu ya vitabu vya watoto. Katikati ya hizo, mwaka 2016, mbunge wa Marekani John Lewis na wenzake wawili walishinda National Book Award kwa juzuu ya tatu ya *March*, katuni ya maisha yake katika harakati za haki za watu weusi. Lewis mwenyewe alipokuwa kijana aliwahi kusoma katuni ya kurasa 16 ya mwaka 1957 kuhusu Martin Luther King na mgomo wa kutopanda mabasi mjini Montgomery, iliyouzwa senti 10. Yaani katika miaka ileile katuni zilipodharauliwa zaidi, ilikuwapo iliyofundisha watu kudai haki bila vurugu.

Hata hivyo vita havijaisha. Januari 2022 bodi ya shule ya wilaya moja Tennessee iliiondoa *Maus* kwenye mtaala wa darasa la nane.

Hapa kwetu Tintin bado anauzwa, mpaka sanamu zake za mbao. Kwa nini tuheshimu katuni iliyotuchora vile? — Msomaji, Lubumbashi

Si lazima uiheshimu, ndugu. Heshima kwa katuni kama sanaa maana yake ni kuisoma kwa makini na kuidai hesabu, kama tunavyofanya kwa riwaya. Hergé, Mbelgiji aliyemchora mwanahabari Tintin, alichora safari yake ya Kongo kwa ajili ya gazeti la Brussels mwaka 1930 na 1931. Alipoichora upya kwa rangi mwaka 1946 aliondoa somo ambalo Tintin anawaambia watoto wa Kongo kwamba nchi yao ni Ubelgiji, akaweka somo la hesabu. Sura za watu wetu aliziacha vilevile kwa sehemu kubwa. Mkongomani mmoja aliishtaki katuni hiyo mjini Brussels mwaka 2007, na mwaka 2012 mahakama ikakataa kuizuia.

Tafuta badala yake kazi za Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani. *Madame Livingstone*, iliyotoka Ufaransa 2014, inasimulia vita vya kwanza vya dunia kwenye Ziwa Tanganyika, na Waafrika waliomo ni watu kamili.

Sisi ni wachoraji wawili. Hadithi yetu tumekuwa tukiirusha kwenye simu vipande vipande. Sasa tunataka kitabu chenye mgongo ambacho maktaba itakipokea. Tuanzie wapi? — Dodoma

Anzeni na idadi ya kurasa kabla ya kitu kingine. Mitambo hukunja karatasi kubwa kuwa mafungu ya kurasa 16, kwa hiyo lengeni kurasa 112. Hizo ni karatasi 56. Kwa karatasi ya gramu 80, yenye unene wa takribani milimita 0.1, mgongo utakuwa karibu milimita 6, unaotosha kuandikwa jina. Mkiwa chini ya kurasa 64 hivi mgongo ni mwembamba mno na gundi haishiki vizuri. Hapo tumieni pini.

Picha za simu hazitafaa kama zilivyo. Ukurasa wa A5 pamoja na milimita 3 za kukatwa kila upande ni milimita 154 kwa 216, na kwa nukta 300 kwa inchi unahitaji takribani pikseli 1819 kwa 2551. Picha ya simu yenye upana wa pikseli 1080 itatoka na ukungu. Tena hadithi ya kuteremsha kwa kidole haina ukurasa wa kufunua, kwa hiyo zipangeni fremu upya. Siri ifichuliwe kwenye ukurasa wa namba shufwa, ambao msomaji anauona baada ya kugeuza, la sivyo jicho lake litaiba mwisho kutoka ukurasa wa pili.

Mkichora kwa mkono, tumieni A4 kwa kitabu cha A5. Kila kitu kitapungua hadi asilimia 71: herufi ya milimita 4 inakuwa chini ya 3, na mstari wa kalamu ya 0.2 unaanza kukatika. Msishuke chini ya kalamu ya 0.4. Skani mistari myeusi kwa nukta 600. Maandishi yawe ya wino mweusi peke yake. Yakichanganywa rangi nne, karatasi ikisogea kidogo tu mtamboni kila herufi inapata kivuli chekundu au cha samawati.

Andikeni maneno kwa penseli kabla ya kuchora watu, kwa sababu kosa linalotokea zaidi ni kiputo kilichobanwa juu ya kichwa cha mtu. Vitenzi vyetu ni virefu: neno kama "tusingewakumbusha" halikai kwenye kiputo chembamba. Chora vipana, usizidishe maneno 20 kwa kimoja, na ukilazimika kukata neno, kata kwenye silabi. Upande wa mgongo acheni angalau milimita 15 tupu, maana kitabu cha gundi hakifunguki hadi chini.

Namba ya ISBN, ile inayotambulisha kitabu, ombeni kabla ya kumaliza jalada, kwa kuwa msimbo wake unakaa nyuma. Tanzania inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, na wenzetu wa Kenya wanaipata kwa Huduma ya Maktaba ya Taifa. Majina yenu wote wawili yawe jaladani, na mgawanyo wa haki uandikwe na kusainiwa sasa hivi. Jerry Siegel na Joe Shuster walimuuza Superman mwaka 1938 kwa dola 130, na walisubiri hadi 1975 kupata pensheni ya dola 20,000 kwa mwaka kila mmoja na majina yao kurudishwa. Huku kwetu waliokua na Ndumilakuwili wa *Sani* au Juha Kalulu wa *Taifa Leo* wanawakumbuka wahusika vizuri kuliko waliowachora.

Mwisho, mwambieni mchapaji atoe nakala moja iliyogundishwa kabisa kabla ya zote. Ifungueni katikati kwa nguvu mara kadhaa. Karatasi ikichomoka, gundi haikuingia vya kutosha, na mgongo unapaswa kukwaruzwa zaidi kabla ya kugundishwa tena.