Mkono wa joho uliokatwa

Ndugu uliyeuliza kama mapenzi ya jinsia moja yaliletwa China na Wazungu: hapana, yamo kwenye maandishi ya Wachina wenyewe tangu zamani sana. Kisa mashuhuri ni cha Kaizari Ai wa ukoo wa Han, aliyetawala kuanzia mwaka 7 hadi 1 KK. Mchana mmoja alilala na kipenzi chake Dong Xian, naye Dong akawa ameulalia mkono wa joho la kaizari. Kaizari alipotaka kuinuka, aliona heri aukate mkono wa joho kuliko kumkatiza mwenzake usingizi. Hapo Wachina wakapata msemo wao wa "mkono uliokatwa", yaani mapenzi ya mwanamume kwa mwanamume, na hadi leo unaeleweka. Upole ule mdogo hunigusa kila nikikisoma. Mwisho wake ni mchungu: kaizari alipofariki, Dong Xian alivuliwa cheo, akajiua, yeye na mkewe.

Ndiyo, alikuwa na mke. Mwanamume alitarajiwa kuoa na kupata watoto wa kuendeleza matambiko ya mababu; akishatimiza hilo, mapenzi yake mengine mara nyingi hayakuhojiwa sana. Ila usawa haukuwepo, kwani kwa kawaida mmoja alikuwa bwana na mwingine mtumishi au mwigizaji. Sheria ilikaza baadaye: ile ya ukoo wa kifalme wa Qing ya mwaka 1740 iliadhibu hata wanaume waliokubaliana. Kuhusu wanawake, waandishi wanaume waliandika kidogo mno, na hilo linaniuma.