Kamera tatu kwa mpigo: taa za I Love Lucy zilipangwa vipi?

SWALI: Najifunza kazi ya taa. Tunafundishwa kwamba kamera ikihama, taa nazo zipangwe upya. Sasa nasikia I Love Lucy, ile komedi ya zamani ya televisheni ya Marekani, ilipigwa kwa kamera tatu kwa wakati mmoja, mbele ya watu. Waliwezaje? Na kile kicheko cha watazamaji kinachosikika ni cha kweli?

JIBU: Mwalimu wako hajakosea, na tatizo hilohilo ndilo lililomkabili Karl Freund, mpigapicha mkuu wa kipindi hicho, mwaka 1951. Freund ndiye aliyepiga picha za filamu za Metropolis (1927) na Dracula (1931), mtu wa vivuli hasa. Kwa nyota wa kipindi, Lucille Ball aliyeigiza Lucy na mumewe Desi Arnaz, ikambidi avifukuze.

Kamera ya kati iliona seti nzima, yaani mandhari ya kuigizia, na mbili za pembeni, zenye lenzi ndefu, zikafuata nyuso. Zote zilitembea kwa magurudumu, kwa hiyo taa ya kusimama sakafuni ingegongwa au ingeingia kwenye picha. Freund akatundika karibu taa zote juu na kumwaga mwanga sawasawa kila upande. Ila mwanga wa juu peke yake humchimba mtu macho na kumtia giza chini ya kidevu, basi kila kamera ikafungwa taa ndogo juu ya lenzi kuvijaza vivuli hivyo.

Hila ninayoipenda mimi ni ya rangi. Televisheni ya wakati ule ilizidisha tofauti ya weupe na weusi: ukuta mweupe ungewaka, koti jeusi lingegeuka shimo. Kwa kuwa taa zisingeweza kurekebishwa pembe kwa pembe, seti ilipakwa rangi ya kijivu ya viwango mbalimbali. Yaani sehemu ya kazi ya taa aliifanya fundi wa rangi. (Ukipewa seti, uliza rangi ya ukuta kabla hujauliza idadi ya taa.)

Kwa nini wajisumbue hivyo? Ball na Arnaz hawakutaka kuhama Hollywood, na wakati huo kipindi kilichorushwa moja kwa moja kutoka huko kingewafikia watazamaji wa mashariki mwa Marekani kama nakala iliyopigwa kutoka kwenye kioo cha televisheni, yenye ukungu. Filamu ya milimita 35 ilimaliza ubishi, lakini ilikuwa ghali. Wawili hao wakakubali kupunguziwa malipo, wakabaki na umiliki wa filamu. Marudio yalipoanza kuuzwa, ikaonekana nani aliyepiga hesabu vizuri.

Kicheko ni cha kweli. Watu wapatao 300 waliketi mbele ya seti, maikrofoni zikining'inia juu yao, na mchezo ukaenda kwa mfululizo kama jukwaani, maana mzaha ukirudiwa mara ya tano hakuna anayecheka. DeDe, mama yake Lucille, alikuwa akihudhuria. Lucy anapokaribia kujitia matatani, tega sikio: kuna sauti ya mwanamke inayoguna “oh-oh!” kabla ya wengine. Ndiye huyo.