Dreich: Jinsi ya Kuishi na Mbingu Iliyonuna Uskoti

Kila ikikaribia Septemba huanza kupokea ujumbe kutoka kwa wadogo zangu wa nyumbani waliopata nafasi ya masomo Glasgow au kazi ya uuguzi. Swali la kwanza huwa baridi: dada, nibebe majaketi mangapi? Nami huwajibu kwamba baridi ya Glasgow inavumilika. Siku nyingi za Desemba huwa nyuzi chache tu juu ya sifuri. Kinachowanyong'onyesha wageni ni ile hali ambayo Waskoti wenyewe wanaiita dreich.

Tamka "driikh", na hiyo kh itoke kooni kama kwenye kheri. Mtu wa pwani hapati shida nayo. Ni siku ambayo mawingu yameshuka mpaka kwenye mapaa, mbingu imenuna tangu alfajiri, hewa yenyewe imeloa, na kuna manyunyu membamba kiasi kwamba huyasikii dirishani, ila ukitoka miwani inajaa matone kabla hujafika kituo cha basi. Mvua ya masika humwaga, ikakatika, jua likatoka na kanga zikakauka kambani. Hii haimwagi wala haikatiki. Asili ya neno ni kitu kirefu cha kuchosha, na hata mahubiri yaliyovutwa mno kanisani Mskoti huyaita dreich. Nalipenda kuliko maneno yote niliyojifunza huku kwa sababu linakwambia ujiandae kwa nini: urefu. Wanaoteseka zaidi ni wale wanaokaa ndani wakisubiri kupambazuke vizuri ndipo watoke.

Basi vaa utoke. Mwavuli usikusumbue; upepo wa Atlantiki unaupindua kabla hujavuka barabara. Tafuta koti lisilopitisha maji, lenye kofia ya kukaza kwa kamba, na ukague mishono kwa ndani kama imezibwa kwa utepe, kwa sababu maji huingilia hapo. Mji huu una historia na koti hilo: Charles Macintosh, mkemia mzaliwa wa Glasgow, ndiye aliyepata hataza mwaka 1823 ya kitambaa chenye mpira katikati ya tabaka mbili za nguo. Jinzi ziache kwa siku kavu. Ikiloa asubuhi utaikalia mbichi darasani mpaka jioni. Viatu uwe na jozi mbili za kupokezana, na ile iliyoloa ijaze magazeti usiku.

Nyumbani ndiko watu wengi wanakopuuza. Ukianika nguo chumbani na madirisha yamefungwa, asubuhi kioo kinatiririka maji, na baada ya wiki chache utaona koga nyeusi nyuma ya kabati. Fungua dirisha kidogo kila asubuhi hata kama kunauma, futa kioo kwa kitambaa, na usisukume kabati likagusa ukuta wa nje. Nguo anika chumba kimoja chenye hita, mlango umefungwa, dirisha limeachwa upenyo. Kikohozi kisichoisha huweza kuanzia kwenye ile koga.

Halafu kuna mwanga. Karibu na tarehe 21 Desemba jua la Glasgow huchomoza yapata saa tatu kasorobo asubuhi, na magharibi huingia kabla ya saa kumi jioni. Anayeswali ataona alasiri na magharibi zinafuatana kama zimefungwa pamoja. Kwa hiyo saa sita mchana usile chakula chako mezani pa kazi. Tembea nje hata nusu saa. Mwanga wa nje, pamoja na mawingu yote hayo, ni mkubwa mara nyingi kuliko wa taa za ofisini. Vitamini D nayo usiichukulie kama mambo ya wazungu: huduma ya afya ya Uskoti inashauri mikrogramu 10 kwa siku wakati wa baridi kwa watu wote, na sisi wenye ngozi nyeusi inatushauri mwaka mzima.

Siku zikizidi kuwa nzito, nenda Kibble Palace, jumba la kioo ndani ya bustani ya mimea ya Glasgow, lililosimamishwa hapo mwaka 1873. Kuingia ni bure. Harufu ya udongo mbichi na majani mapana ya mikangaga mirefu kama miti humrudishia pumzi mtu wa Amani au kwingineko Usambara. Na kituoni, bibi akikugeukia akasema tu "dreich", usinyamaze. Hiyo ni salamu. Mjibu kwamba kweli ni dreich, na aghalabu mtazungumza mpaka basi lifike. Mimi nilipata majirani kwa njia hiyo.

Ila ukiona tangu Novemba unalala mchana kutwa, chakula hakipandi na machozi yanakutoka bila sababu, hiyo imepita mambo ya koti na matembezi. Ni ugonjwa unaojulikana na una tiba. Jiandikishe kwa daktari wa mtaa wiki ileile unayofika, kabla hujaumwa. Mwanafunzi wa kozi ndefu kwa kawaida ameshailipia huduma hiyo kwenye maombi ya viza, na dawa za kuandikiwa na daktari Uskoti ni bure tangu 2011.