Baraza la ndoa halitoi talaka: majibu kwa wasomaji

Maswali ya safari hii yanagusa jambo moja: mabaraza ya usuluhishi wa ndoa, ya kata na ya dini, yana mamlaka gani juu ya mke anayeachwa au anayetaka kuachana. Tumejibu kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina Mahakama ya Kadhi yenye nguvu ya dola, hivyo msomaji aliyeko Unguja au Pemba asiyachukue majibu haya kama yalivyo.

Asalaam aleikum. Mume wangu ameniandikia talaka, imamu wa msikiti wetu ameshuhudia. Mama mkwe anasema nikimaliza eda nitoke kwenye nyumba tuliyojenga pamoja. Je, nimeshaachika? – Mama wa watoto watatu, Mbagala

Waaleikum salaam, mama. Upande wa dini, ipeleke karatasi hiyo kwa kadhi. Akusomee, akwambie ni talaka ya ngapi, kama ina rejea, na eda yako inahesabiwa kuanzia lini. Upande wa sheria ya nchi, bado wewe ni mke wake. Mwenye uwezo wa kuvunja ndoa wakati wanandoa wote wawili wako hai ni mahakama peke yake, hata kama ndoa ilifungwa msikitini.

Sheria haikuidharau talaka ya Kiislamu. Imeipangia zamu yake. Kifungu cha 107(3) kinaitaka mahakama itoe amri ya talaka pale yanapothibitika mambo matatu: kwamba ndoa ilifungwa kwa taratibu za Kiislamu, kwamba Baraza la Usuluhishi limetoa hati ya kushindwa kuwapatanisha, na kwamba *baada ya* hati hiyo mmoja wao amefanya jambo ambalo kwa sheria ya Kiislamu linavunja ndoa. Karatasi yako imetangulia, hati haipo. Mashauri mengi huharibikia hapo. Mwanamke anashinda mahakama ya mwanzo, mume anakata rufaa, na miaka miwili mitatu baadaye mwenendo wote unafutwa kwa sababu hakukuwa na hati halali ya Baraza. Anaanza upya.

Kwa hiyo nenda Baraza sasa, talaka ikiwa mkononi. Wakishindwa kuwapatanisha, chukua hati uende mahakamani. Kwa kuwa talaka ilitangulia, usiitegemee peke yake. Jiandae kuonyesha kwa ushahidi wa kawaida kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutotengenezeka: ukatili wa mwili au wa maneno, kutelekezwa, uzinzi, na mengine yaliyotajwa kwenye kifungu hicho cha 107.

Kuhusu nyumba, kwisha kwa eda hakuhamishi umiliki. Kama ni salama kwako kubaki, baki. Na tunakusihi sana usiolewe na mtu mwingine kwa kutegemea karatasi hiyo tu. Mume aliyeoa ndoa ya mitala anaweza kuongeza mke kesho bila kuvunja sheria, lakini mke ambaye ndoa yake haijavunjwa na mahakama akiolewa tena, ndoa hiyo ni batili na anaweza kushtakiwa. Kuchelewa kwa amri ya mahakama kunamuumiza mwanamke kuliko mwanamume, na ndiyo maana tunataka wewe ndiye ulisukume shauri, usimsubiri yeye.

Niende Baraza lipi: la kata, au la dini yetu? Na niondoke na karatasi gani? – Msomaji, Tabata

Kama nyote wawili ni wa jumuiya moja ya dini na jumuiya hiyo ina Baraza lililotambuliwa kisheria, mnaweza kwenda huko. Vinginevyo ni Baraza la kata anakoishi mume. Kama mume haishi Tanzania, la kata anakoishi mke. Hili la kata ya mume linawakosesha wengi. Umerudi kwa wazazi Tabata, mume yuko Kigamboni, wewe unafungua shauri Tabata kwa sababu ni karibu. Nauli ya kivuko ni nafuu kuliko rufaa.

Neno "lililotambuliwa" lina uzito. Kamati ya wazee wa msikiti, wazee wa kanisa, kikao cha ukoo au mwenyekiti wa serikali ya mtaa wanaweza kuwapatanisha vizuri kabisa, lakini barua yao si hati inayotakiwa na mahakama. Ofisa Ustawi wa Jamii naye ni msaada mkubwa kwa matunzo ya watoto, ila kwa talaka hakikisha hati imetoka Baraza la ndoa. Uliza waziwazi kabla ya kikao cha kwanza: "Je, hapa mnatoa hati ya Baraza la Usuluhishi wa Ndoa inayopokelewa mahakamani?" Wakisitasita, nenda kata.

Kikao halali kina mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Hati iliyosainiwa na mwenyekiti aliyekaa peke yake inakaribisha pingamizi. Wakili haruhusiwi kukusemea pale. Ndugu wa familia anaweza kuruhusiwa, na mwanamke anayeshikwa na kigugumizi mbele ya wazee aombe kusindikizwa na dada au shangazi. Sisi tunaamini Baraza lisilo na mjumbe mwanamke hata mmoja halisikii yote linayoambiwa, hasa ya chumbani, na jumuiya za dini zina uwezo wa kulirekebisha hilo bila kusubiri Bunge.

Kabla hujaondoka, soma hati yako hapohapo. Iwe na majina kamili ya nyote wawili kama yalivyo kwenye cheti cha ndoa, tarehe, Baraza liliona nini, na kauli kwamba *limeshindwa kuwapatanisha*. Ikisema "tumeidhinisha talaka" au "tumewaachanisha", waombe waiandike upya, maana hawana mamlaka hayo. Kisha hesabu miezi sita. Hati inayoambatanishwa na maombi ya talaka isiwe imetolewa zaidi ya miezi sita kabla ya kufungua shauri. Ikipita, unarudi Baraza. Na kama ndoa haijatimiza miaka miwili, utahitaji kwanza ruhusa ya mahakama.

Mume wangu ameitwa Baraza, hatokei. Anasema bila yeye hakuna kitakachoendelea. – Dada, Manzese

Anakosea. Kifungu cha 101 kimetaja hali ambazo maombi ya talaka yanaweza kufunguliwa bila kupita Baraza, na mojawapo ni mwenzi aliyekataa kwa makusudi kufika. Nyingine ni mwenzi aliyekutelekeza na hujui alipo. Anayeishi nje ya Tanzania na hatarajiwi kurudi ndani ya miezi sita. Aliyefungwa maisha au miaka mitano na zaidi. Mwenye ugonjwa wa akili usiotibika. Na mazingira ya kipekee yanayofanya usuluhishi usiwezekane.

Kazi yako ni ushahidi. Wito uwe wa maandishi, upelekwe na mtu anayeweza kusema "nilimpa mkononi tarehe fulani". Omba Baraza liandike tarehe za kila wito na kwamba hakufika. Wito wa kupiga simu tu, mbele ya hakimu, ni neno lako dhidi ya lake.

Nimeomba khului. Wajumbe wananiambia nirudishe mahari, niache na kila kitu tulichochuma, maana mimi ndiye ninayetaka kutoka. Ni kweli? – Msomaji, Ukonga

Mawili yamechanganywa hapa, na kuchanganywa huko ndiko kunakowafilisi wanawake. Khului ni njia ya kidini: mke anajikomboa kwa kumrudishia mume mahari au sehemu yake, kadiri watakavyokubaliana. Kama kosa ni la mume, kwa mfano hakutunzi au anakudhuru, mwambie kadhi hivyo na muulize kuhusu fasakh, yaani kadhi kuivunja ndoa kwa kosa la mume, badala ya khului, kwa maana hapo mazungumzo ya fidia yanabadilika.

Mali mliyochuma ni jambo jingine. Kugawa mali ni kazi ya mahakama chini ya kifungu cha 114. Baraza linaweza kuandika mapendekezo tu kuhusu mali, matunzo na watoto, nayo hayamfungi hakimu. Hakimu anatazama mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni mliyokopa kwa faida yenu, mahitaji ya watoto wadogo na mila ya jamii yenu, kisha anaelekea kwenye usawa. Sheria haisemi kwamba anayeomba kutoka amepoteza haki.

Tangu mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali. Lakini Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na mgawo: ilionekana mume alikuwa amempa fedha za biashara naye akazitumia vibaya. Maana yake, mchango unahesabiwa pamoja na matumizi. Kusanya risiti za saruji na mabati, daftari la kikoba, taarifa za miamala ya simu, majina ya mafundi uliowalipa. Na usisaini karatasi yoyote ya Baraza yenye maneno "sina madai mengine".

Sisi ni Wakatoliki, tumefunga ndoa kanisani. Padri anasema kanisa halijui talaka. Je, mahakama inaweza? – Mama, Kimara

Inaweza. Mahakama ikivunja ndoa, kwa serikali umeachika. Kwa Kanisa bado umefungwa, hadi mahakama ya Kanisa itamke kwamba ndoa hiyo ilikuwa batili tangu mwanzo. Na hukumu hiyo ya Kanisa peke yake haivunji ndoa iliyosajiliwa serikalini. Ni njia mbili, majalada mawili.

Usuluhishi haujaisha na nimesikia mume anatafuta mnunuzi wa nyumba yetu. – Msomaji, Mbezi

Chukua hatua leo, usingoje kikao kijacho. Nyumba ya ndoa haiuzwi, haiwekwi rehani wala kupangishwa na mmoja bila ridhaa ya mwenzake; ndivyo kisemavyo kifungu cha 59, hata kama hati ya nyumba ina jina lake pekee. Kama kiwanja kimepimwa na kina hati, nenda kwa Msajili wa Hati uweke zuio. Kama hakijapimwa, mauziano mengi hupita ofisi ya serikali ya mtaa: mpelekee mwenyekiti barua ya pingamizi pamoja na nakala ya cheti cha ndoa, nakala yako igongwe muhuri na kuandikwa tarehe ya kupokelewa. Mpe jirani wa kila upande taarifa, kwa sababu wao huitwa kuwa mashahidi wa mipaka. Ukishafungua shauri, omba amri ya zuio.

Ananipiga. Wazee wa Baraza wamesema nirudi nyumbani nikavumilie, watatuita tena. – Bila jina

Dada, usirudi kwa ajili ya kikao. Kifungu cha 66 kinasema hakuna mwenzi mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo, na hakuna mjumbe wa Baraza anayeweza kutoa ruhusa ambayo sheria imeikataa. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, chukua PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu, nenda hospitali ijazwe, na utunze nakala. Kipigo ni jinai. Hakingoji usuluhishi. Hospitali zilizo na kituo cha mkono kwa mkono hukuhudumia kwa matibabu, polisi na ustawi wa jamii mahali pamoja. Karatasi hizohizo zitakuwa ushahidi wa ukatili kwenye talaka, na zinaweza kuishawishi mahakama kwamba mazingira yako ni ya kipekee na Baraza halikuwezekana.

Sitaki talaka, nataka matumizi tu. Nipite Baraza? – Mama, Gongo la Mboto

Hapana. Sharti la hati ni la maombi ya talaka. Mke ambaye mume ameacha kumtunza anaweza kuomba mahakama amri ya matunzo huku ndoa ikiendelea, na watoto vivyo hivyo.

Mimi ni baba. Watoto wana miaka 4 na 9. Baraza limeniambia wote ni wangu kwa sababu nilitoa mahari. – Msomaji, Kigamboni

Mahari haiamui malezi ya watoto, kaka. Kipimo ni maslahi ya mtoto. Kwa aliye chini ya miaka 7, mahakama inaanza na dhana kwamba ni vyema akae na mama, na wewe unaweza kuipinga kwa ushahidi. Mkubwa atatazamwa kwa hali yake, na matakwa yake mwenyewe yatasikilizwa kama ana umri wa kuyatoa. Popote watakapokaa, wajibu wa kuwatunza unabaki kwako. Shauri mnaweza kulifungua mahakama ya mwanzo, na Temeke kipo Kituo Jumuishi cha Mahakama kinachoshughulikia ndoa, watoto na mirathi. Amri ya talaka ikitoka, pelekeni nakala RITA, wakala wa serikali wa usajili, iandikishwe.